Uso wa Mgeni katika Soko la Asemaje

Nchi ya Asemaje haimo katika ramani yoyote, na anayeitafuta haipati. Huifikia yule tu aliyewachosha watu wa kwao kwa maneno hadi wakamwombea safari ndefu. Ndivyo alivyofika Vuai, mwenyeji wa Mkokotoni, na njia aliyoipita tuiache, maana kila akiulizwa habari za njia yeye huanza kueleza alichokula njiani.

Vuai alikuwa mtu mzima, tumbo limemtangulia kidogo, fundi baiskeli kwa kazi na hakimu wa vyakula kwa cheo alichojipa mwenyewe. Sahani haikupita mbele yake bila kuhukumiwa. Harusini alisema pilau imenyimwa bizari. Kwenye hitima, watu wakiwa bado na machozi, alimnong'oneza aliyekaa naye kwamba nyama imeusalimia mchuzi ikapita zake. Nyumbani ndiyo usiseme. Mkewe, Bi Mize, akishamwandalia, Vuai alikata tonge la kwanza, akalitafuna taratibu, macho kayafumba, uso kaukunja, halafu ndipo akatoa maneno yake: chumvi, nazi, moto umezidi, moto umepungua. Bi Mize hakuwa na kawaida ya kumjibu. Alisimama karibu na mlango akifuta mkono kwa upindo wa kanga mpaka tonge hilo lipite, kisha akarudi jikoni.

"Mimi kwangu nazungumza na ukuta," Vuai aliwalalamikia wenzake barazani. "Ninaloliona halina thamani. Hakuna hata mmoja anayejali."

"Basi nenda kwenye nchi wanakojali," mmoja wao akamwambia, na wote wakacheka. Vuai hakucheka. Alikwenda kufunga mzigo wake.

Kwenye lango la mji mkuu wa Asemaje alipokewa kwa ngoma. Watu walitoka madukani na vibandani, wengine mikono ina unga, wakajipanga kandokando ya njia bila kusukumana. Hakuna aliyemsalimu. Wote walimtazama usoni, na Vuai alipotabasamu kwa kuona haya, minong'ono ilipita kutoka mwanzo wa msururu hadi mwisho wake: "Asemaje? Asemaje?" Na jibu likarudi kwa minong'ono vilevile: "Ameridhika na lango." Mlinda lango, mzee wa watu, alikaa chini palepale akalia kwa furaha.

Aliyetoa jibu hilo alikuwa Bwana Tafsiri, Msoma Uso Mkuu wa nchi ile, mtu mrefu, mkavu, mwenye miwani mbili, moja puani na ya pili kwenye paji la uso kama akiba. Kazi yake ilikuwa kutembea mbele ya mgeni kinyumenyume ili uso wa mgeni usimpotee hata kidogo. Watumishi wawili walimshika viwiko asianguke. Vuai, ambaye hajawahi kutazamwa hivyo hata siku ya harusi yake, alijikuta akinyoosha kola ya shati.

"Sisi hapa hatuna majivuno, mheshimiwa," Bwana Tafsiri alimweleza huku akirudi nyuma kwa hatua fupifupi. "Hatujiamulii. Mtu aliyekulia na chakula atakijuaje? Aliyesuka mkeka ataujuaje? Ulimi safi ni wa mgeni, na jicho safi ni la mgeni. Mgeni akionja, ndipo tunajua tunakula nini."

"Na mgeni asipopatikana?"

"Tunakula tu, lakini hatujui."

Vuai aliona amefika kwao hasa. Mkokotoni angesema neno hadi koo likauke na mtu angemwambia apishe njia. Hapa alikohoa kidogo kusafisha sauti na mtu mzima mwenye miwani mbili akasimama kusubiri. Alifurahi, tusimfiche, alifurahi sana, na furaha hiyo ilidumu mpaka walipoingia sokoni.

Walianza na upande wa mafundi. Mafundi wa Asemaje walikuwa hodari, vidole vyepesi, na hilo ndilo lililomtia Vuai wasiwasi wa kwanza, kwa sababu kila alichokishika kilikuwa kimeharibika kwa ustadi mkubwa. Vyungu vilikuwa vyembamba hata mwanga ukapenya. Alipouliza vinawekwaje motoni, aliambiwa haviwekwi, wapishi hupikia vya bibi zao. Mgeni mmoja aliwahi kuinua chungu akaguna kwamba ni kizito, na tangu siku hiyo wafinyanzi wamekuwa wakipunguza udongo. Vigoda vilikuwa na miguu miwili. Mgeni mwingine alikuwa amecheka alipoona kigoda cha miguu mitatu, kwa hiyo mguu mmoja uliondolewa kwa sheria, na wenyeji waliketi wawili wawili, mgongo kwa mgongo, wakiegemeana ili wasianguke. Ukiona mtu wa Asemaje amesimama peke yake, ujue hajapata wa kuketi naye. Mikeka, mizuri ya kupendeza, yenye nakshi za zambarau na kijani, ilitundikwa ukutani yote, maana mgeni fulani alisema ni mizuri mno kukaliwa. Wasusi wenyewe waliketi chini kwenye vumbi, wanakohoa.

Kwenye kibanda cha magudulia Vuai alimkuta fundi akimaliza gudulia safi kabisa, halafu akalipeleka kwa fundi wa pili aliyekuwa na nyundo ndogo. Huyo alilivunja mdomo, tak, kwa pigo moja la uangalifu.

"Mgeni alipenda lenye mdomo uliovunjika," Bwana Tafsiri alisema. "Alisema lina hadithi. Kazi ya uvunjaji sasa inasomewa kwa muda mrefu kuliko ufinyanzi."

Vuai alitaka kucheka, na hapo ndipo ubaridi ulipompita mgongoni, kwa kuwa aliona fundi wa nyundo anamtazama mdomo. Aliumeza ule mcheko. Ulimshuka vibaya, ukamkaa kifuani.

Mbele kidogo walipita kwenye kichochoro kitupu. Meza zilikuwepo, zimesafishwa, ndoano za kutundikia zimeshika kutu, na hewani kulikuwa bado na harufu hafifu ya samaki wakavu, ng'onda. Watu wachache walikaa kwenye vizingiti vya vibanda vyao mikono magotini. Hawakuinua macho.

"Hawa walikuwa wauza ng'onda," Bwana Tafsiri akasema. "Mgeni mmoja alipita hapa ameziba pua kwa leso."

"Kwa ajili ya harufu?"

"Kwa ajili ya mafua. Tulikuja kujua baadaye."

"Basi mkawafungulia?"

Bwana Tafsiri alishusha miwani ya paji, akamtazama kwa zote mbili. Alionekana hakulielewa swali. "Kwa sheria gani, mheshimiwa? Uso wa kwanza ndio uso. Yanayofuata ni maelezo."

Tangu hapo Vuai alitembea kama mtu aliyebeba yai kwenye kijiko. Aliuacha uso wazi, mtupu, na kadiri alivyouacha mtupu ndivyo ulivyomwasha. Pua ilimwasha. Jicho la kushoto lilianza kuchezacheza lenyewe. Alipotoka jasho akainua mkono alifute, muuza vitambaa aliyekuwa mbele yake alitoa ukelele wa kuumia, na Vuai akaushusha mkono, akaliacha jasho limwingie machoni. Machozi yakamlengalenga. "Asemaje?" watu wakanong'ona. "Ameguswa na vitambaa," Bwana Tafsiri akajibu, na muuza vitambaa akaanguka magotini kushukuru. Vuai hakuona raha yoyote kwa lile. Alijua ingeweza kwenda upande wa pili.

Wakafika Mtaa wa Mafiga, kwa wapishi. Kila kibanda kilikuwa na mafiga matatu na moto wake, na kila mpishi, mwanamke kwa mwanamume, alisimama pembeni ya jiko akifuta mkono kwa ncha ya nguo, mkono uleule mmoja, tena na tena, hata ulipokwisha kukauka. Vuai alihisi amewahi kuuona ufutaji huo mahali fulani. Hakukumbuka wapi, na hakupata muda wa kukumbuka, kwa sababu harufu ya kisamvu ilimfika.

Mpishi wa kisamvu hicho alikuwa Bi Nyezuma, mwanamke wa makamo, mabega mapana, mwenye macho yasiyopepesa ovyo. Alimpakulia kwenye bakuli la udongo bila kusema neno na kumwekea wali pembeni. Vuai alikuwa na njaa ya safari. Alikata tonge, akalichovya, akalitia kinywani.

Alikuwa amekula kisamvu maisha yake yote na hajapata kukutana na kisamvu. Majani yalikuwa yametwangwa yakalainika bila kupoteza uhai, karanga zimekaa nyuma, nazi imekaa nyuma yake tena, na pilipili ilikuja mwisho kabisa. Alifurahi hata akasahau uso wake na mahali alipokuwa. Alikata tonge la pili kubwa kuliko adabu, akalifuatisha kwa pupa kabla ya la kwanza kupita, na akapaliwa.

Alikohoa. Alikohoa macho yakamtoka, mishipa ya shingo ikasimama, uso ukawa na rangi ya bilingani. Alipopata pumzi na kufungua macho, Mtaa wa Mafiga wote ulikuwa unamtazama.

"Asemaje?" mtu mmoja akauliza kwa sauti ndogo.

"Amekataa," Bwana Tafsiri akasema.

"Nimepaliwa!" Vuai akapiga kelele. "Wallahi nimepaliwa tu! Kitamu! Sijawahi kula kitamu kama hiki!"

"Mheshimiwa ana adabu," Bwana Tafsiri akawaambia watu, na watu wakaafiki kwa vichwa, kwa huzuni. "Maneno ni adabu. Uso ndio ukweli."

Wale watumishi wawili wa viwiko walijua kazi yao. Mmoja alimwaga mtungi wa maji katikati ya moto wa Bi Nyezuma. Moshi mweupe ukapanda, jivu likachuruzika hadi miguuni kwake. Wa pili alikiepua chungu akakitua chini, akaling'oa figa moja kati ya matatu, likiwa bado la moto, akalifunga kwa gunia na kuliweka begani kulipeleka ghala la serikali. Bi Nyezuma hakulia. Alisimama anautazama ule mkono wake uliokauka, kisha akachukua sinia akakifunika chungu, kwa mazoea tu. Jirani yake wa kulia, aliyekuwa ameketi naye mgongo kwa mgongo asubuhi yote, alikisogeza kigoda chake mbali. Cha Bi Nyezuma kikaanguka.

Vuai aliona haya ambazo hajawahi kuziona. Alifuata gunia lile lenye figa akipayuka njia nzima, na kwa kuwa mgeni hazuiliwi, alipayuka mpaka ndani ya Baraza la Ladha.

Wajumbe wa Baraza walikuwa wanene, wenye mashavu yanayong'aa, na walimsikiliza kwa heshima zote bila kuamini hata neno moja. Mjadala wao ulikuwa mrefu. Mjumbe mmoja alitaka kujua kikohozi kilitoka kooni au kifuani, kwa kuwa cha kooni ni cha ajali na cha kifuani ni cha moyo. Mwingine alisema hata kupaliwa ni maoni, maoni ya koo, na koo nalo ni la mgeni. Wa tatu alipendekeza kwamba kuanzia sasa kisamvu kipikwe bila majani ya mhogo, ili kuondoa mashaka. Hakuna aliyepata kukionja. Vuai aliwauliza kwa nini wasikionje tu, na ukumbini wakacheka kidogo kwa kudhani anawatania.

Mwishowe mwenyekiti wao alitoa neno. Uso haufutwi kwa maneno, alisema, lakini uso wa mgeni huweza kufutwa na uso wa mgeni huyohuyo, kwa chungu kilekile, mbele ya watu, kesho soko likifunguka. Uso ukiwa mzuri, figa litarudi. Uso ukiwa mbaya mara ya pili, basi aibu hiyo ni ya mtaa mzima, na moto wote wa Mtaa wa Mafiga utazimwa.

"Wote?" Vuai akauliza.

"Ili haki ienee," akajibiwa.

Jioni ile kabla jua halijazama alikwenda kwa Bi Nyezuma. Alimkuta uani amekaa chini, ameegemea chungu kilichofunikwa, mbele yake mafiga mawili na pengo. Alimweleza maneno ya Baraza huku amesimama, maana hakuthubutu kukaa.

"Bwana mgeni," Bi Nyezuma akasema, "nani alikutuma kula mbiombio hivyo?"

"Kilikuwa kitamu."

"Ndiyo ukapaliwa. Mtu mzima."

"Nisamehe, Bi Nyezuma. Nimekuja kukuuliza. Ukitaka nikatae kula hiyo kesho, nitakataa."

"Ukikataa nimezimiwa mimi. Ukila, labda nitawashiwa, na labda tutazimiwa sote, na wale wenye watoto wadogo watanitazama mimi." Akamwinulia macho. "Huo uso wako unauweza?"

Vuai alitaka kusema ndiyo. "Siuwezi," akasema. "Kadiri ninavyouogopa ndivyo unavyofanya yake."

Bi Nyezuma alifunua chungu kidogo, akakivutia harufu, akakifunika. Kisamvu kilikuwa kimeanza kulala, na kisamvu kikilala hunoga zaidi. Hilo Vuai alilijua, akalitegemea kwa roho yake yote.

"Kwani wewe mwenyewe unakionaje?" akamwuliza.

"Nani? Mimi?" Alishangaa kweli. "Mpishi haonji. Mpishi akionja amejipa ugeni. Mimi napika kwa pua na kwa mkono, kama mama yangu. Ladha yake sijui. Nasubiri kuambiwa."

Vuai alikitazama kile chungu, kisha akaondoka. Alirudi alikofikia, akajitazama kwenye beseni la maji, akajaribu uso wa kuridhika. Ulitoka uso wa mtu anayeumwa jino. Akajaribu tena. Ukatoka wa mtu anayeomba radhi. Alijaribu mpaka mashavu yakamwuma, na mwishowe hakuujua tena uso wake wa kweli uko wapi.

Asubuhi soko zima lilikuwa Mtaa wa Mafiga. Wauza vitambaa na wavunja magudulia walikuja, hata wale wa ng'onda, waliosimama nyuma kabisa. Wapishi wote walikuwa kwenye majiko yao wakifuta mkono, mkono uleule. Bwana Tafsiri alisafisha miwani zote mbili, akajiweka mbele ya Vuai, karibu hata pumzi zao zikagusana. Bi Nyezuma alipakua kutoka kwenye chungu kilicholala.

Vuai alikata tonge dogo, tonge la mtoto. Tonge lilipofika karibu na mdomo jicho la kushoto lilianza kucheza, shavu la kulia likajivuta, na aliona wazi kabisa midomo ya Bwana Tafsiri inajiandaa kutamka. Akaona mabega ya Bi Nyezuma yamepanda. Hofu ilimkaba, na kwa hofu hiyo tupu, bila hekima yoyote, alinyakua ungo uliokuwa umening'inia kwenye kibanda, akaufunika uso wake, na akala nyuma yake.

Watu walipiga yowe.

"Uso!" Bwana Tafsiri alilia. "Mheshimiwa, uso! Toa uso!"

"Asemaje?" watu wakauliza. "Asemaje? Asemaje jamani?"

"Sijui! Sioni!" Bwana Tafsiri aliinama kuchungulia chini ya ungo, na Vuai akaushusha. Akachungulia kwa juu, Vuai akaupandisha. Hatimaye watumishi waliusahau wajibu wao wa viwiko, na Msoma Uso Mkuu, akirudi nyuma kutafuta nafasi nzuri ya kuonea, alijikwaa kwenye figa la mtu akakaa kwenye tope. Miwani ya akiba ilimwangukia puani juu ya ile nyingine.

Nyuma ya ungo wake Vuai alitafuna gizani. Kilikuwa kitamu kuliko jana. Hakusema. Alijua akisema ni adabu, na akionekana ni sheria, na hakutaka tena kuwa chochote kati ya hivyo. Alisubiri azomewe.

Alichokisikia ni sauti ya bakuli kuondolewa mbele yake.

Bi Nyezuma alikuwa amelichukua. Alilitazama kitambo, kisha akatia vidole, akakata tonge, akala chakula chake mwenyewe mbele ya soko lote. Alitafuna polepole, amekaza macho, anasikiliza kinywani mwake kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni uani.

"Chumvi imepungua," akasema. "Kidogo. Vingine vimekaa sawa."

Alichukua chumvi, akanyunyiza, akachanganya, akaonja tena. "Sasa," akasema. Akamgeukia jirani yake wa kulia, yule aliyehamisha kigoda, akamnyooshea bakuli.

Jirani alimtazama mgeni ili ajue la kufanya, akauona ungo. Akamtazama Bwana Tafsiri, akamwona anatafuta miwani. Hakukuwa na uso wowote wa kumsaidia. Basi alikata tonge, akalitia kinywani, na akatafuna kwa muda mrefu mno, jasho linamtoka, kwa maana hakupata kuifanya kazi hiyo tangu azaliwe.

"Mimi naona..." akaanza. "Mimi... mimi..." Neno halikuja. Machozi yakamjaa. "Naomba tena," akasema.

Vuai hakuona kilichofuata, kwa kuwa alikuwa ameshikwa. Kosa lake lilikuwa kuuficha uso, na katika Asemaje hakuna kosa kubwa zaidi kwa mgeni. Alisukumwa hadi langoni, ungo bado uko mkononi, na mlinda lango aliyelia kwa furaha siku alipofika alimgeuzia mgongo. Vuai aliangalia nyuma. Juu ya Mtaa wa Mafiga kulikuwa na moshi, lakini hakuweza kupambanua kama ni moshi wa jiko lililowashwa au wa majiko yanayozimwa. Aliuangalia mpaka akavutwa. Kitu kimoja alikiona vizuri: jirani wa Bi Nyezuma anavuka njia na jiwe begani, jiwe jeusi la masizi, anakwenda upande wa lile jiko lenye pengo.

Langoni ngoma ilianza kulia tena. Mgeni mwingine alikuwa anaingia, mtu wa shati safi na kitambi cha heshima, anatabasamu kulia na kushoto.

"Ndugu yangu," Vuai alimwambia haraka wanapopishana, "ukiingia humo, usile kwa pupa. Na uso wako..."

"Uso wangu una nini?" mgeni akauliza, akanyoosha kola.

"Ameridhika na lango," sauti ikatangaza ndani, na Vuai akaijua sauti hiyo.

Njia ya kurudi nayo tuiache. Bi Mize alimpokea mumewe vizuri, akamwuliza hali, akaona amekonda, akaingia jikoni. Alipika kisamvu, kwa kuwa ndicho Vuai alichokipenda kuliko vyote, akamwandalia mkekani. Vuai alinawa, akakata tonge la kwanza, akafumba macho, na uso ukaanza kujikunja wenyewe kwa mazoea ya miaka.

Hakutafuna. Alifumbua macho.

Bi Mize alikuwa amesimama karibu na mlango. Alikuwa anafuta mkono kwa upindo wa kanga, mkono uleule mmoja, ambao ulikwisha kukauka zamani, na macho yake yote yalikuwa usoni kwa Vuai.

Vuai alilirudisha tonge sahanini. Aliogopa kuliko alivyoogopa sokoni.

"Kuna nini?" Bi Mize akauliza. "Kimeungua?"

"Hakijaungua. Njoo ukae, Mize. Onja wewe kwanza."

"Mimi?"

"Wewe. Wasemaje?"

Bi Mize alikaa ukingoni mwa mkeka. Aliitazama sahani, kisha akamtazama mumewe usoni kutafuta jibu analolitaka. Vuai aliona anavyotafuta, akaufunika uso kwa viganja vyote viwili. Kwa muda alifikiri mkewe amekwenda zake jikoni.

"Kisamvu mimi sikipendi," Bi Mize akasema taratibu. "Sijapata kukipenda tangu utoto wangu. Hukuniuliza."

Vuai alibaki vilevile, viganja usoni, kwa kuwa hakujua akiviondoa atauweka uso gani.